Jina la Mwenye Boma

Wanafunzi wa Mwalimu Muthoki walikuwa na utani wao. Walisema mwalimu huyu akifa na kufika mbinguni, atamsimamisha malaika mlangoni amuulize: habari hizi za uzima wa milele umezitoa wapi, ukurasa wa ngapi? Waliusema kwa siri, naye aliujua, wala haukumkasirisha. Kilichomkasirisha ni kazi ya mwanafunzi kufika mezani kwake bila marejeo. Hapo sauti yake ilifika mpaka sokoni Ikutha, na soko la Ikutha siku ya mnada wa mbuzi si mahali pa kusikika kirahisi.

"Chanzo: Intaneti," alisoma siku moja mbele ya kidato cha tatu, miwani ikining'inia kwenye ncha ya pua. "Mulwa, huyu Intaneti ni mtu wa wapi? Ni wa hapa ama ni wa Mutomo?"

"Madam, ni kwa simu tu."

"Kwa simu tu! Sasa nikikuuliza hilo shati umetoa wapi, utaniambia ni kwa duka tu? Sikizeni nyinyi. Mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji, mji. Kama ni mtandao, nani ameandika, na wewe umesoma siku gani, kwa sababu kesho wataubadilisha na utabaki hapo na aibu yako. Na kama ni mtu amekuambia kwa mdomo, huyo mtu ako na jina, ako na kijiji. Mama yake hakumzaa akamwita Intaneti."

Darasa lilicheka, Mulwa akacheka pia, na kazi ikarudishwa ikafanywe upya. Ndivyo alivyokuwa. Alifundisha historia na kutunza maktaba ya shule, ambayo kwa kweli ilikuwa stoo ya zamani ya mahindi, na harufu ya mahindi haikutoka humo hata siku moja. Hakuwa ameolewa. Umri wake ulikuwa umeshavuka hapo ambapo mashangazi huacha kuuliza. Nyumba yake ya kupanga ilikuwa nyuma ya soko, safi, yenye vitabu vingi kuliko sufuria.

Watu walidhani ukali wake ulitokana na ukosefu wa watoto wa kuwagombeza nyumbani. Watu husema mengi. Ukali ule ulitokana na baba yake.

Baba yake, Musyimi, alikuwa mtu wa mizinga huko vilimani Mutomo. Asali yake ilijulikana. Muthoki alipokuwa bado chuo cha ualimu, walikuja watafiti, wakakaa na mzee msimu mzima wa maua. Aliwatembeza msituni, akawaonyesha mti ambao nyuki huupenda na mti ambao huukimbia, na jinsi ya kujua mvua itachelewa kwa kuangalia nyuki wanavyoingia mzingani. Walimsikiliza na kuandika. Baadaye kitabu kikatoka, Muthoki akakikuta kwenye maktaba ya chuo, akakiazima, akakileta nyumbani likizo akiwa amekivika gazeti kisichafuke.

Mzee Musyimi alinawa mikono kwanza. "Nionyeshe mahali niko," alisema.

Muthoki alifungua nyuma, kwenye marejeo, mahali majina yamepangwa kwa alfabeti. Maprofesa walikuwapo, wa hapa na wa ng'ambo, kila mmoja na mwaka wake. Musyimi hakuwapo. Akarudi mbele, akapekua, mpaka akamkuta baba yake katikati ya aya: mzee mmoja wa Mutomo.

"Hauko, baba," alisema. Kudanganya hakukujua, wala hakuwahi kujifunza.

Mzee alicheka. "Labda wino uliwaishia," akasema, akaenda kuangalia mizinga yake. Alifariki mwaka uliofuata. Muthoki alilia siku ya mazishi, na alilia tena siku aliyorudisha kile kitabu chuoni, na kilio hicho cha pili ndicho ambacho hakikuisha. Kwa hiyo alipowafokea watoto kuhusu marejeo, hakuwa akitetea kanuni ya mtihani. Alikuwa akimtetea marehemu.

Sasa, mwaka mmoja shule yake ilipeleka kazi kwenye mashindano ya historia ya kaunti, na ndani yake mwanafunzi mmoja alikuwa amehoji mzee wa kubuni. Alimpa jina, akampa umri, akampa kijiji, hata mke wa pili akampa. Waamuzi wakampigia chifu wa kijiji hicho, chifu akasema mzee kama huyo hajapata kuishi kwake. Shule ilichekwa Kitui nzima. Muthoki alirudi Ikutha ameinamisha kichwa, akaweka sheria mpya: atakayehoji mtu, yeye mwalimu ataenda huko kwa miguu yake, na jina la kila aliyesimulia litatoka kinywani mwa yule yule aliyehojiwa, mwalimu akisikia. Halitatoka kwa jirani wala kwa binamu. Ilikuwa sheria nzuri, na katika shule ya mji mwingine, kwa watu wengine, huenda ingefanya kazi vizuri.

Ndipo ikaja kazi ya Mwongeli.

Mwongeli alikuwa msichana mrefu, mkimya, wa kidato cha tatu, aliyekuja shuleni kutoka upande wa mtoni, njia ya mchanga mtupu. Aliandika juu ya njaa za zamani na mbegu zilizookoka. Muthoki alianza kuisoma kazi ile akiwa anakunywa chai, na chai ikapoa. Ndani ya kazi hiyo mlikuwa na mambo ambayo hakuyakuta katika kitabu chochote: mbegu ya mtama ilivyochanganywa na jivu na kutiwa kibuyuni, kibuyu kilivyozibwa kwa nta, mahali kilipofichwa wezi wasikione na wenyewe wasikikumbuke njaa ikiwazidi. Kulikuwa na mwaka ambao watu walikula ngozi, na kibuyu kipo juu ya dari, na mkaza mwana wa boma amelala chini yake na mtoto analia, na hakukifungua. Mvua iliponyesha, kijiji kizima kilipanda kutoka kibuyu kile.

Mwishoni yalikuwapo marejeo, safi kabisa. Vitabu vitatu vya maktaba, kila kimoja na mwandishi na mwaka wake. Kisha: Susu Mbula, mahojiano nyumbani kwake, na tarehe. Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, na Muthoki aliandika pembeni kwamba jina kamili linahitajika, jambo dogo. Lakini chini ya hapo Mwongeli alikuwa ameandika: Naye alisimuliwa haya yote na Mwenye Boma. Kalamu nyekundu ya Muthoki ilizunguka maneno hayo mara mbili.

"Mwenye Boma ni nani?" alimuuliza msichana.

"Ni baba ya bwana ya susu, Madam. Alikufa kitambo."

"Hana jina?"

"Ako nalo. Lakini susu hasemi."

"Na mama yako?"

"Mama pia hasemi."

"Na wewe?"

Mwongeli alitazama viatu vyake. "Kwetu tunasemanga tu hivyo. Mwenye Boma."

Mkamba yeyote anayesoma hapa ameshaelewa zamani, na anajiuliza Muthoki alikuwa wapi. Alikuwapo. Nthoni aliijua: ile heshima ya mkaza mwana kwa baba mkwe wake, kwamba hatakaa kwenye kiti chake, hatakutana naye uso kwa uso kwenye njia nyembamba, na jina lake hatalitia kinywani, si akiwa hai wala akiwa amezikwa. Aliijua na aliifundisha. Aliifundisha chini ya kichwa cha mila za kale, na kila mwaka aliitungia swali la maksi mbili. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Muthoki hakuwahi kuwa mkaza mwana wa mtu. Alipoona mstari ule usio na jina, hakuona nthoni. Aliona mzee mmoja wa Mutomo.

"Jumamosi tunaenda kwenu," alisema.

Walikwenda kwa bodaboda mpaka mahali pikipiki ilipokataa mchanga, wakamalizia kwa miguu. Susu Mbula walimkuta kivulini mwa nyumba akipepeta ndengu kwa uteo, mwanamke mdogo wa mwili, mikono haitulii. Aliinua macho akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani.

"Ndio huyu mwalimu wa majina?" alisema. "Mwongeli ananiambia huko kwenu hata panya wa stoo wameandikwa."

"Bado, susu. Wanakataa kuniambia kijiji chao."

Susu alicheka mpaka ndengu zikamwagika. Wakapatana papo hapo. Mwongeli alileta muthokoi, mahindi ya kukobolewa, katika bakuli, na wakala. Kisha susu akauliza kile ambacho wazee huuliza: wewe ni wa nani?

"Wa Musyimi, wa Mutomo."

"Musyimi wa mizinga? Aiya! Musyimi! Asali yake nililamba nikiwa na mimba ya Muindi wangu, nikatamani nimkule hata nyuki." Akalitaja jina hilo mara mbili tatu, kwa raha, kama mtu anayeonja. Muthoki alijikuta macho yamemjaa machozi. Ni miaka mingi tangu mtu asiyemjua alitaje jina la baba yake bila kuulizwa.

Kwa hiyo alipofika kwenye jambo lililomleta, alilifikia kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloniuma nikisimulia. Angekuwa mtu mbaya, susu angemfukuza.

"Susu, hii kazi ya Mwongeli ni nzuri sana. Nataka iende mbali. Lakini kuna mtu mmoja ndani yake hana jina. Huyu aliyekufundisha mambo ya mbegu."

Mikono ya Mbula ilisimama. "Mwenye Boma."

"Ndiyo. Jina lake."

"Hilo ndilo jina lake kwangu."

"Najua, susu. Najua ni mambo ya nthoni. Lakini hii si kumwita. Ni kumwandika."

"Kumwandika si mpaka nimwite kwanza?" Susu aliuliza swali hilo kwa upole, na kama Muthoki angelisikiliza vizuri, angeinuka akaaga. Lakini hakuinuka. Alisogeza kigoda karibu, akamsimulia habari za baba yake. Alimwambia juu ya watafiti na msimu wa maua, na mzee aliyenawa mikono kabla ya kushika kitabu. Alimwambia juu ya maneno yale manne: mzee mmoja wa Mutomo. Alisimulia vizuri, kwa sababu maumivu ni yake, na Mwongeli aliyekuwa amesimama na birika mlangoni alisahau kumimina chai.

"Hivyo ndivyo wanatupotea, susu. Watu wa mjini watasoma haya, waseme, aa, mzee mmoja wa Ikutha. Yeye ndiye aliwaokoa, na yeye ndiye hatakuwa na jina. Unataka apotee?"

"Atapotea?" Mbula aliuliza.

"Asipoandikwa, atapotea."

Susu alikaa muda mrefu akiangalia uteo. Mbuzi walipita, kuku akaja kudonoa ndengu zilizomwagika, hakumfukuza. Kisha akavuta leso akaifunga vizuri kichwani, kama mtu anayetaka kusimama mbele za watu, na akalitamka.

Jina lenyewe halitaandikwa hapa. Anayelitaka akaulize wanaume wa boma hilo.

Alilitamka kwa sauti ndogo, upepo ulikuwa unavuma, na Muthoki alikuwa na kalamu mkononi na karatasi juu ya goti. Alikuwa amelisikia. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu huhakikisha.

"Rudia, susu, niandike vizuri."

Mbula akarudia.

Kisha akafunika mdomo kwa leso, akainama mbele mpaka paji la uso likakaribia magoti, na hakuinuka. Muthoki alidhani anakumbuka wafu wake, akamshika bega, akamwambia asante, amefanya jambo kubwa. "Nendeni sasa," sauti ilitoka ndani ya leso. "Nimechoka." Waliondoka. Muthoki alimpa Mwongeli ile karatasi ili anakili jina kwenye kazi yake, na njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha. Alikuwa amemtoa mtu mmoja gizani, ndivyo alivyoona.

Kazi ilipoletwa kwa mara ya mwisho, ilikuwa imeandikwa upya kwa mwandiko mzuri, kila kitu mahali pake. Jina kamili la susu lilikuwapo. Chini yake palikuwa na mstari: Naye alisimuliwa na. Baada ya hapo, patupu.

Muthoki alimwita maktaba. "Karatasi niliyokupa iko wapi?"

"Ilishika moto, Madam. Kwa jiko."

"Sawa. Jina unalijua, ulikuwa umesimama hapo hapo. Andika."

Mwongeli hakuwa mtoto wa kujibu mwalimu. Alikunja mikono nyuma, akaangalia rafu za vitabu. "Mimi sikusikia, Madam."

"Mwongeli."

"Sikusikia."

"Unajua bila hilo jina hii kazi itarudishwa?"

"Najua, Madam."

Muthoki alichukua kalamu. Angeweza kuliandika yeye mwenyewe, lilikuwa kichwani mwake, herufi kwa herufi. Alimtazama yule msichana, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile kitu kikamsogea moyoni. "Susu anaendeleaje?" aliuliza.

"Haongei, Madam. Hasimulii tena. Nikimuuliza kitu, hata cha kupika, ananiambia mdomo wake umefanya kazi ya kutosha."

Muthoki aliweka kalamu chini. Kazi ilikwenda kwenye mashindano na mstari wake mtupu, na ikarudi upesi. Mwamuzi alikuwa ameuzungushia mstari huo wino mwekundu, akaandika pembeni: Nani huyu? Chanzo hakijakamilika. Muthoki aliyasoma maneno hayo akiyajua yote, maana kwa miaka yote ile yalikuwa ni yake. Mwongeli hakulalamika. Alichukua kazi yake akaiweka kwenye begi, akaenda kuteka maji.

Wiki chache baadaye mwanamume alikuja shuleni kumwombea Mwongeli ruhusa. Alikuwa Muindi, mtoto wa kwanza wa susu Mbula, ambaye analima nyanya kwa maji ya mto huko Kibwezi, na viatu vyake bado vilikuwa na matope ya shambani. Alisema mama yake amelazwa Mutomo. Hali kitu cha maana, madaktari wamepima wameona uzee tu, na anamtaka mjukuu karibu.

Muthoki alimvuta pembeni ya geti. "Ni kwa sababu yangu?" aliuliza.

Muindi alikuwa mtu mpole, na mtu mpole akitaka kukupunguzia maumivu, hukuongezea. "Mwalimu, usijisumbue. Wewe ulikuwa unatafuta jina tu. Lakini si ungenipigia simu? Mwongeli ako na namba yangu. Sisi wanaume wa boma tunalitaja hilo jina hata tukikohoa. Ningekupa na la baba yake, na la babu yake, bila shida."



"Unajua mama alikaa hapo kwetu miaka mingi bila mtoto," Muindi aliendelea, akichora chini kwa ncha ya kiatu. "Kabla yangu. Watu walisema arudishwe kwao, huyu ni mti mkavu. Hata baba yangu alikuwa amekubali. Mzee, baba yake, ndiye alikataa. Alisema, huyu mwanamke ndiye nimempatia vibuyu vyangu, na hakuna mahali anaenda. Hakuwapatia watoto wake wa kiume, alimpatia yeye. Kila mbegu, alimfundisha akiwa amesimama ng'ambo ya ua, wasionane uso. Sasa mama angemlipa na nini? Hakuwa na kitu. Alikuwa tu na hiyo ya kutomtaja. Amemtunzia tangu akiwa msichana."

"Mila zinasemaje? Mbuzi wa kumtakasa?" Muthoki aliuliza.

"Wazee walisema mbuzi. Pastor naye akasema hakuna haja, hayo ni mambo ya giza, akamwombea. Mama amekataa yote mawili. Alimwambia pastor, mimi siogopi laana, naona aibu. Alisema, nimemwita kama ninaita mtoto atoke kwa jua." Muindi akajaribu kucheka, ikashindikana. "Ni ile tu wazee walisema, mwalimu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

Muthoki alikwenda Mutomo siku hiyo hiyo, baada ya vipindi. Jambo alilolibeba lilikuwa moja tu, na alilirudia kichwani njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani: susu ajue kwamba jina halikuandikwa, popote, na mtu yeyote. Alijiambia kwamba akilisikia hilo atakula. Alitaka sana liwe kweli. Hakuwa amemwomba Mungu kitu kwa nguvu namna hiyo tangu baba yake alipokuwa mgonjwa.

Wodi ya wanawake ilikuwa na wageni wengi na harufu ya uji. Mbula alikuwa kitanda cha karibu na dirisha, amekuwa mdogo zaidi, leso ile ile kichwani. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya blanketi, na kuiona imetulia ndiko kulikomtisha Muthoki kuliko uso. Mwongeli aliinuka akampisha kiti, akaenda kusimama miguuni mwa kitanda.

"Susu," Muthoki alisema. "Ni mimi. Wa Musyimi."

"Nakuona."

"Nimekuja kukuambia, lile jina halikuandikwa. Mwongeli alikataa. Karatasi niliyoandika iliungua. Ile kazi ilienda bila jina, na imerudi bila jina. Hakuna mtu amelisoma, susu. Hakuna mtu atalisoma."

Susu alifunga macho, na Muthoki akadhani ni nafuu. Kisha akayafungua. "Nilijua huyu hataandika," alisema, akimwangalia mjukuu. "Huyu aliniambia hakusikia. Alikuwa amesimama hapo na birika, na hakusikia. Mtoto mzuri." Alipumzika. Halafu akamgeukia mwalimu, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na matumaini, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuutazama. "Na wewe?"

Hapo Muthoki, binti ya Musyimi, ambaye hakuweza kumdanganya baba yake juu ya ukurasa mmoja wa kitabu, alimshika mzee mkono.

"Mimi pia sikusikia, susu."

Mbula alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama anayetaka kuamini, kama anayelitafutia neno hilo mahali pa kukaa. Kisha akautoa mkono wake taratibu.

"Aiya, mwalimu," alisema. "Si uliniambia nirudie?"

Akageukia ukutani. Mwongeli alikuja akamfunika mabega, na Muthoki akabaki kwenye kiti kile mpaka muuguzi alipopita akisema saa ya wageni imekwisha.